Gari Lisilokwenda Mikono Mitupu

Juzi nilikuwa nimeinama kwenye buti la gari nililotaka kununua pale Mpanda mjini, nikakutana na harufu ya mpunga. Nasema mpunga wenyewe, wenye maganda yake, ule ukianikwa juani unaacha vumbi jembamba linalowasha shingoni. Buti lilikuwa limefagiliwa, zulia limesuguliwa kwa sabuni, na pembeni kulikuwa na magunia yaliyofunikwa shuka la maua. Kijana aliyekuwa anauza akawahi kuniambia, "Hayo ya nyumbani mama, nayapeleka mashineni." Mume wangu akaitikia kwa kichwa, maana yeye amekulia mjini kwenye lami, na kwake gunia ni gunia. Mimi nilimtazama yule kijana mpaka akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari. Nikacheka kimoyomoyo. Sisi tuliokulia ndani ya gari la mpunga hatudanganywi kwa gunia.

Nyumbani kwetu ni Kasokola. Wakati nakua, magari ya familia kijijini yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na mojawapo lilikuwa la baba yangu. Watu walimwita Baba Skola, na Skola ndiye mimi, Skolastika, mtoto wake wa kwanza. Gari lenyewe lilikuwa refu, la mabati mazito, la kijani kilichopauka, lina viti mbele na katikati, na nyuma kuna nafasi kubwa ya mizigo. Kwa chini, upande wa nyuma, lilikalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Aliyezitengeneza alifikiria mizigo, watu aliwasahau kabisa. Majirani waliliita Kwata, kwa sababu likipita kwenye mashimo lilipiga mguu chini kama askari anayemsalimu mkubwa wake.

Jumapili baada ya Misa wanaume walilizunguka kama vile nalo lilikuja kusali. Walikuwa wanalipima. Mmoja anapiga tairi teke, mwingine anachungulia chini, mwingine anabonyeza mlango kusikiliza unavyofunga.

"Tope gani la kulishinda hili?" anasema mmoja. "Mwaka ule mvua imekata njia zote za mashambani, nani alipita? Hilihili."

"Na bei linashika," anadakia mwenzake. "Baba Skola akiliuza leo, hapungukiwi kitu. Hayo madogo laini ukishayatoa tu dukani yameshaporomoka."

"Ila linarusha, jamani," alilalamika siku moja jirani yetu mmoja, huku anajishika kiuno. "Mimi nimeenda nalo Mpanda, nimefika meno yamebadilishana nafasi."

Walicheka wote, na Baba akacheka nao. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari, mkono juu ya kitasa, ili asiwepo mtu wa kusahau kwamba hilo ni la kwetu. Nilivimba kichwa, sina haja ya kuficha. Hata lawama za kurusha nilizisikia kama sifa. Usukani wake ulikuwa mzito kiasi kwamba Baba akitaka kukata kona alianza kulibembeleza mapema, mikono yote miwili, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mimi niliona hakuna mwanamume mwingine duniani anayeweza kuligeuza gari lile.

Kuna jambo moja nililijua kuhusu Kwata, au nilidhani nalijua. Siku ambazo Baba alipakia magunia ya mpunga nyuma kupeleka mashineni, lilikwenda taratibu na kwa upole, likayapita mashimo kama mtu anayekanyaga godoro. Lakini likienda tupu, lilituruka-rusha mpaka vichwa vinagonga dari. Siku hizi naweza kumweleza mtu yeyote kwamba springi ngumu bila uzito hazinepi. Wakati ule hakuna aliyenieleza, nikajieleza mwenyewe. Nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kwa mtu mikono mitupu. Mama akienda kumwona mgonjwa alibeba karanga, na kama karanga hakuna, alibeba hata chumvi kwenye karatasi. Kumtuma mtu bila kitu ilikuwa ni kumwaibisha. Basi nikaona wazi kabisa kwamba Kwata nalo lilikuwa na aibu zake. Likitumwa na mpunga linatembea kwa adabu, na likitumwa tupu linakasirika.

Nililihurumia sana. Likiwa linatoka tupu, nilikuwa naokota hata gunzi la hindi nalitupia nyuma, angalau lisiende hivihivi.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, aliteleza kwenye jaruba la mpunga akaangukia mgongo. Daktari alisema mfupa haujavunjika, ila akaonya asirushwe-rushwe. Bibi ni wa huko Mpimbwe, Usevya, ndiko alikozaliwa na ndiko alikobaki mdogo wake wa mwisho, Bibi Mdogo. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba Bibi Mdogo macho yamemwisha, haoni tena. Tangu siku hiyo Bibi alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila akiinuka na kila akikaa.

"Nipelekeni kwa mdogo wangu," alisema. "Macho yamekwenda. Nataka anisikie sauti kabla na masikio hayajafuata."

Baba alijaribu. Alilifagia Kwata, akatoa kila kilichokuwemo mpaka jeki na kamba, akaosha viti, akatandika godoro lake mwenyewe kwenye kiti cha katikati na kumlaza mama yake kama yai. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunambeba mtu wa heshima. Padri alipopanda, tulitoa mizigo. Mwalimu mkuu alipopanda, tulitoa mizigo. Kumchanganya mkubwa na magunia kulikuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo gari lilikwenda tupu na safi, na kabla hawajafika hata Sitalike Baba alisikia Bibi hasemi tena. Alipogeuka alikuta machozi yanamtiririka huku ameuma upande wa khanga. Baba akageuza gari. Waliporudi, nilimwona baba yangu ameegemeza paji la uso kwenye usukani na hashuki.

Ndipo alipoamua kuliuza. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Kwata lina bei nzuri, akiliuza ataongezea na mavuno, atapata gari laini linalomfaa mama yake, na Bibi atafika Usevya kabla mvua hazijaanza. Nililia siku nzima. Nikajipa moyo kwamba labda watakaolinunua watakuwa wanalipatia mizigo ya kutosha.

Wanunuzi walitoka Karema, ziwani. Walikuwa mume na mke wanaofanya biashara ya dagaa na migebuka, Baba Mwanaidi na Mama Mwanaidi, na walitaka gari la kubebea watoto wao na kuendea kwa ndugu. Asubuhi ile Baba Mdogo Deni, mdogo wake Baba, aliwahi kufika nyumbani. Nikamwona anabeba gunia la mpunga mgongoni, la kwanza, halafu la pili, anayapanga nyuma ya gari na kuyafunika shuka jeupe. Nilifurahi mno. Nilijua Baba Mdogo analipenda gari, hataki liende kwa wageni na aibu.

Baba alitoka ndani anafunga vifungo vya shati. Akaangalia nyuma ya gari, akamwangalia mdogo wake.

"Deni, toa."

"Kaka, usifanye hivyo. Kila mtu anaweka. Hata wao wakija kuliuza wataweka."

"Toa, nimesema."

"Litawarusha wale! Watakimbia!"

"Wanataka kubebea watoto. Waone lilivyo."

Baba Mdogo aliyashusha magunia kwa hasira, moja likapasuka mshono, mpunga ukamwagika uani na kuku wakapata sherehe. Mimi nilimkasirikia Baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilidhani ameacha kulipenda Kwata, na sasa anataka kuliaibisha mbele ya watu.

Wageni walipiga hodi, wakakaribishwa uji wa ulezi na karanga, wakauliza habari za mashamba, nasi tukauliza za ziwa, mpaka Baba Mwanaidi aliposema, "Haya, tulione basi." Mama Mwanaidi alikaa katikati, akanivuta na mimi nikae naye. Baba akaendesha kuelekea upande wa mashambani, njia ileile yenye mashimo, wala hakuchagua pazuri.

Kwata lilifanya kama nilivyoogopa. Lilituinua na kututupa. Kwenye shimo la kwanza Mama Mwanaidi alishika dari, la pili ushungi ukamshuka mabegani, la tatu akanikumbatia na kupiga yowe. Baba Mwanaidi huko mbele alikuwa ameshikilia dashibodi kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

"Haki ya Mungu!" alisema. "Hili gari au punda?"

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti kubwa, "Limekasirika! Limetumwa mikono mitupu, limeona aibu. Likipewa mpunga halifanyi hivi!"

Baba akapunguza mwendo, akasimama katikati ya njia, akazima injini na kugeuka.

"Mtoto kasema kwa namna yake," alisema. "Likiwa na mzigo linatulia kabisa. Likiwa tupu linarusha, hivi mnavyoona. Tope haliliwezi, injini haijawahi kunilaza njiani, ila usukani mzito na linarusha. Magunia nilikuwa nayo, nimeyatoa makusudi."

Baba Mwanaidi aliiachia dashibodi. Kisha akaomba turudi. Walituaga vizuri, wakasema watafikiri, na sote tulijua maana ya watu kusema watafikiri.

Walipoondoka, Baba Mdogo alikuwa bado anaokota mpunga uani. Hakuinua uso. "Kaka," alisema, "leo umeiuza safari ya mama. Na hukulipwa."

Baba alikaa kwenye kizingiti. Nilimwona ameumia, maana mkono wake ulikuwa unapapasa goti kama anatafuta kitu. Akasema taratibu, "Deni, nitampakiaje mama yetu kwenye gari laini lililopatikana kwa kumrusha mama wa watoto wa mwenzangu? Mama yule atanikalia moyoni njia nzima."

Sikuelewa maneno yale siku ile. Niliyaelewa kidogokidogo nilivyokuwa nakua, na kila nilipoyaelewa zaidi nilizidi kujiona nimetoka nyumba kubwa, ingawa nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na choo cha nje.

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka barazani na amesikia yote. Akaniita. Bibi alikuwa ananiita mke mwenzake, utani wa bibi na mjukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, njoo. Ulimwambia nini yule mama wa ziwani?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, aibu ya gari, hasira zake, mpaka magunzi niliyokuwa nalitupia. Bibi alianza kucheka. Alicheka akashika kiuno, akasema "Uwii, mgongo wangu," akacheka tena. Halafu ghafla akatazama uani, kule Baba Mdogo alikokuwa anashona gunia.

"Nyie!" aliita. "Hayo magunia yarudisheni garini. Halafu mnipakie na mimi."

Baba alisimama. "Mama, siwezi kukupakia na magunia. Wewe si mzigo."

"Kwani mgeni mimi?"

"Hapana, mama."

"Anayepakiwa peke yake kama sanduku la kanisa ni mgeni. Mimi ni wa humu. Mpunga huo nimeupanda kwa mikono yangu na nimeuangukia kwa mgongo wangu, leo unione nauonea haya kukaa nao?" Kisha akageuka kwangu. "Tena mtoto ana akili kuliko nyie. Mlitaka niende kwa mdogo wangu na godoro tupu! Nikifika nimpe nini, godoro?"

Baba Mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Baba alifunika uso kwa kiganja, nikaona mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Walipakia mpunga mpaka nyuma ya gari ikakaa chini. Mama akaongeza mahindi. Wakamzungusha Bibi kwanza kuuzunguka uwanja wa mpira, polepole, sisi watoto tunakimbia pembeni. Liliporudi, Baba akauliza, "Mama, vipi?" Bibi alikuwa amefumba macho. Akasema, "Mbona mnasimama? Twendeni Usevya."

Tuliondoka kesho yake asubuhi, na mimi nilipewa kiti, kwa sababu Bibi alisema asipokuwepo mkalimani wa gari hapandi mtu. Tulipita Sitalike, viboko wamejazana mtoni kama mawe yanayopumua. Ndani ya hifadhi ya wanyama tulifunga vioo kwa sababu ya mbung'o, na joto likachanganyika na harufu ya mpunga, petroli na mafuta ya mgongo ya Bibi. Hiyo ndiyo harufu ambayo mwili wangu unaijua kama furaha. Barabara ilikuwa mbaya vilevile, lakini Kwata liliyameza mashimo kwa adabu. Kila likipita bonde Bibi aliniangalia na kuninong'oneza, "Halijakasirika." Nami nilijibu, "Limebeba zawadi."

Bibi Mdogo alikuwa amekaa mlangoni kwake. Bibi hakumsalimu kwa mbali. Alishushwa, akatembea mwenyewe kwa fimbo, akamshika mkono ndipo akasema kwa Kipimbwe jina walilokuwa wanaitana utotoni. Yule mwingine akaupapasa mkono ule mpaka kwenye kiwiko, kwenye bega, kwenye uso, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Walikaa hivyo wameshikana kivuli kikawahama, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wahamie kivulini. Nilimtazama baba yangu. Alikuwa ameegemea Kwata, mkono juu ya kitasa, amevimba kichwa kama mimi siku za Jumapili.

Magunia yote tuliyashusha pale. Siku ya kuondoka niliona hatari ambayo wakubwa walikuwa wanaifikiria kimyakimya: tutarudi tupu. Baba alikuwa tayari anatazama mawe ya kupakia. Lakini wenyeji wetu nao ni watu. Wakaanza kuja mmoja mmoja, karanga kutoka nyumba hii, mpunga wa huko kutoka nyumba ile, mihogo mikavu, maharage, jogoo aliyefungwa miguu, hata kinu cha mti. Wakapakia mpaka gari likakaa chini kuliko tulivyokuja nalo. Bibi alirudi Kasokola amelala usingizi, kichwa kwenye gunia la karanga za ndugu zake. Baada ya hapo alikwenda tena na tena, na hakurushwa hata safari moja.

Wanunuzi wa Karema walirudi baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Ni Mama Mwanaidi aliyemrudisha mumewe. Alimwambia Baba mbele yetu, "Tumezunguka kote, yote yanakwenda laini, na yote yana magunia nyuma. Lako ndilo pekee nililolipanda likiwa na hasira. Mtu anayenionyesha ubaya wa gari lake, na uzuri anaousema nauamini." Wakalichukua kwa bei aliyoisema Baba mwanzo, bila kuvutana, naye hakutaka kurudi nyuma kwenye neno lake. Nililia tena, lakini safari hii nililia huku namwelekeza Mwanaidi, binti yao wa rika langu, asiliache kamwe liende tupu.

Na lile gari laini Baba alilonunua baadaye? Lilikuwa laini kweli, mtu alisinzia ndani yake kabla halijawaka. Mvua za kwanza likakaa kwenye tope la shamba likavutwa na ng'ombe, na alipotaka kuliuza hakuna aliyelitaka hata kwa kubembelezwa. Liliishia uani, kuku wakatagia ndani. Bibi alikataa kulipanda mpaka mwisho. Alisema halibebi kitu, kwa hiyo haliendi kwa watu.

Ndiyo maana juzi nilimwambia yule kijana wa mjini, "Mwanangu, hebu toa hayo magunia, nizunguke nalo likiwa tupu." Alibabaika, akayatoa. Likaturusha. Mume wangu aligonga kichwa, akaniuliza nina ugomvi gani na yeye. Lakini usukani ulishika njia vizuri, injini haikulalamika, na nilikuwa nimeshauona ubaya wake wote. Nikalinunua.

Nimelinunua kwa ajili ya Baba. Sasa ni mzee, na mgongo umemshika kama ulivyomshika mama yake. Jumamosi nililipeleka Kasokola, nimelifuta vumbi, nimetoa kila kitu, nimetandika godoro jipya kwenye kiti cha katikati, nimchukue tukamwone Baba Mdogo Deni, ambaye siku hizi amehamia Litapunga. Baba alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari polepole. Akapiga tairi teke dogo.

"Aliyekuuzia alikuwa na magunia?"

"Alikuwa nayo."

"Ukamwambia atoe?"

"Nilimwambia."

"Likarusha?"

"Likarusha, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyesikia matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kisha akachungulia ndani, akaliona godoro langu jipya, akaangalia nyuma, hakuna kitu. Akasimama wima, kadiri mgongo ulivyomruhusu, akanionyesha kwa fimbo mlango wa ghala.

"Skola," alisema, "toa hilo godoro, pakia mpunga. Kwani mimi mgeni?"